Jeneza, Tusi na Sanduku: Tatizo la Visawe vya Maziko baina ya Pwani na Meru

Makala haya yana shabaha ya kuchunguza neno moja la Kiswahili, jeneza, pamoja na majirani wake wachache wa maana, na kuonyesha kwa nini si sahihi kulichukua kuwa kisawe kamili cha neno la Kiingereza "coffin". Kamusi za Kiingereza na Kiswahili zinazotumika madarasani humpa mwanafunzi jibu hilo bila kusita, naye hulipokea bila kuuliza. Lakini mtu akitazama jinsi maiti anavyozikwa Lamu au Mombasa, kisha akatazama jinsi anavyozikwa Meru, ataona kwamba neno hilo moja limetwikwa vyombo viwili ambavyo kazi zao zinapingana. Kimoja huenda makaburini kikarudi. Kingine huenda kisirudi.

Mifano ya bara imetolewa hasa Gakoromone, soko kubwa la mji wa Meru. Huenda msomaji akauliza kwa nini mahali ambapo watu wengi wana Kimeru kama lugha ya kwanza pachaguliwe kuwa mizani ya kupimia Kiswahili. Jibu ni kwamba soko ni mahali ambapo neno halitumiki kwa ajili ya mtihani. Anayenunua chombo cha kuzikia ana haraka, ana huzuni, na ana fedha alizochangiwa na watu. Neno analolitaja mbele ya seremala ndilo neno lake hasa. Isitoshe, Gakoromone Kiswahili, Kimeru na Kiingereza hukutana kila siku, na pale lugha zinapokutana ndipo mipaka ya maana huonekana wazi zaidi.

Jeneza la Pwani

Asili ya jeneza ni Kiarabu, janaza au jinaza. Wanaleksikografia wa kale wa Kiarabu walibishana juu ya irabu hiyo ya kwanza. Wako waliosema kwamba kwa irabu moja neno ni la maiti mwenyewe na kwa irabu nyingine ni la chombo anachobebewa. Wako waliogeuza kauli hiyo. Na wako ambao hawakuona tofauti yoyote. Katika lugha nyingine zilizolikopa neno hili, kama vile Kituruki na Kiurdu, limeelemea zaidi upande wa shughuli nzima ya kumsindikiza maiti. Kiswahili kilielemea upande wa chombo, ingawa maana ile pana haikupotea kabisa: tunasema "sala ya jeneza", na hapana anayedhani kwamba mbao ndizo zinazosaliwa.

Chombo chenyewe ni kitanda cha mbao chenye mikono ya kushikia mbele na nyuma, ambacho hufunikwa kwa nguo. Kwa kawaida ni mali ya msikiti au ya mtaa, wala si mali ya maiti. Tajiri hulazwa humo leo na maskini kesho. Maiti akisha kuoshwa na kuvishwa sanda huwekwa juu yake, husaliwa, kisha hubebwa mabegani na watu wanaopokezana njia nzima, kwa kuwa kubeba huko kuna thawabu. Wakifika makaburini kazi ya jeneza imekwisha. Maiti hutolewa, hushushwa, akalazwa kwa ubavu wa kulia katika mwanandani, uso ukielekea kibla. Kiunza, yaani ubao wa kumkinga, huwekwa ili udongo usimwangukie, ndipo kaburi likafukiwa. Baada ya hapo jeneza hurudishwa lilikotoka.

Johnson na wenzake katika kamusi ya 1939 walilieleza jeneza kwa maana hii hii ya chombo cha kuchukulia maiti, na tusi likatajwa kama neno la jamii hiyo. Leo tusi linasikika mara chache. Sababu moja, nadhani, ni ile ya bahati mbaya ya sauti: neno linalofanana kabisa na lile la kumkashifu mtu halina starehe kinywani mwa waliofiwa. Machela, ambalo limetokana na Kireno, lilikuwa na uwanja mpana zaidi, maana lilitumika kwa kuchukulia wagonjwa na hata wakubwa waliobebwa safarini, na hadi leo hospitalini ndilo neno la kitanda cha kubebea mgonjwa. Haya yote matatu, jeneza, tusi na machela, yanakutana katika jambo moja: ni vyombo vya kubebea.

Mwanaisimu anaweza kupima maana hii pasipo kumwuliza msemaji ufafanuzi wowote, kwa kutazama tu vitenzi vinavyoandamana na neno. Pwani jeneza hubebwa, hufuatwa, husindikizwa, huwekwa chini, huazimwa, hurudishwa. Halinunuliwi kwa ajili ya mtu mmoja. Halifukiwi. Kitenzi kinachotenga zaidi ni hicho cha kurudisha. Sentensi "Wamekwisha kurudisha jeneza" inaeleweka mara moja Mombasa, na maana yake ya ndani ni kwamba maziko yamekwisha. Sentensi hiyo hiyo ikisemwa Gakoromone itazua hofu. Msikilizaji atadhani ama mwenye kununua hakuridhika na bidhaa, ama kuna jambo baya limetokea kaburini.

Hapa inafaa tuondoe dhana moja. Si kwamba Mswahili wa Pwani hakulijua sanduku la kuzikia. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, kumzika maiti ndani ya sanduku ni jambo lisilopendeza, lakini huruhusiwa ikiwa kuna haja, kwa mfano ardhi ikiwa laini mno au yenye maji. Palipokuwa na haja hiyo, neno lilikuwepo: sanduku. Kwa hiyo tofauti baina ya maneno haya mawili ilikwisha kuwekwa na wenye lugha wenyewe kabla ya bara kuhusika, na sanduku halikuletwa na watu wasiojua Kiswahili.

(Tofauti nyingine ambayo Pwani imeihifadhi zaidi ni ile ya maziko na mazishi. Maziko ni kitendo cha kuzika, na zamani hata mahali pake; mazishi yalielemea mahitaji na shughuli zinazohusu kuzika. Umbo la mazishi linafuata kanuni ile ile inayotoa mpishi katika pika na mwandishi katika andika, k ikigeuka sh mbele ya i. Bara mazishi yamemeza maana zote mbili, nami sioni kwamba kuna hasara kubwa. Jambo la jeneza ni zito zaidi.)

Sanduku la Gakoromone

Ili kuelewa kwa nini mnunuzi wa Gakoromone husema sanduku, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Kwa Wameru, kama kwa majirani wao Waembu na Wakikuyu, kumfukia maiti hakukuwa desturi ya watu wote. Aghalabu mgonjwa aliyekata tamaa ya kupona alitolewa nje ya nyumba, au mwili wake ulipelekwa porini, na fisi walifanya kazi yao. Waliozikwa ardhini walikuwa wachache, hasa wazee wenye heshima na wana. Kugusa maiti kulileta mugiro, unajisi uliohitaji kutakaswa. Utawala wa Kiingereza ulipoweka kituo chake Meru mwaka 1908, na misheni za Wamethodisti na Wakonsolata zilipofuata katika mwongo wa 1910, kisha ile ya Waskoti kule Chogoria mwaka 1922, serikali na misheni zote zilisisitiza kwamba kila maiti azikwe.

Watu husimulia historia hiyo kana kwamba kuzika kwenyewe kuliletwa na wageni. Lugha haikubaliani nao. Kitenzi cha Kimeru cha kuzika ni kuthika, na ndugu zake ni thika katika Kikuyu na Kikamba, ziika katika Kiganda, na zika katika Kiswahili. Ni mzizi mmoja wa Kibantu, nao ni wa kale sana kuliko misheni yoyote. Hakuna lugha iliyoukopa huu mzizi kwa mwenziwe; kila moja iliurithi. Maana yake ni kwamba kitendo kilijulikana na kuwa na jina hata pale kilipofanywa kwa watu wachache tu. Kilichoongezeka katika karne ya 20 ni idadi ya waliotendewa hivyo, na baadaye chombo chao.

Chombo ndicho kilichokuja na jina lake. Kimeru hakina sauti ya s katika maneno yake ya asili, kwa hiyo sanduku, ambalo Kiswahili nacho kilikuwa kimelikopa kwa Kiarabu, lilipoingia likawa ithanduku, na kwa wingi mathanduku. Mgeni huyu aliingia pamoja na nguo za dukani, shule na useremala. Ndani yake zilitiwa shuka, vitabu, hati za shamba. Lilipokuja kutiwa maiti halikubadilika jina. Anayesema Kiswahili sokoni anafanya lile lile: kuna sanduku la posta, sanduku la kura, sanduku la bati ambalo mzazi hulinunua Januari mtoto anapokwenda shule ya bweni, na kuna sanduku la maiti. Penye msiba sifa hiyo ya mwisho huachwa. Mtu husema "Sanduku tumelipata", na hapana anayeuliza ni sanduku gani.

Ukipita kwenye vibanda vya mafundi utaona masanduku ya namna mbalimbali yamesimamishwa ukutani. Mengi ni ya saiprasi, mbao isiyo ghali. Ya thamani zaidi ni ya mbao ngumu. Zamani muuru, mti ambao Wazungu waliuita mwaloni wa Meru ingawa si jamii ya mwaloni hata kidogo, ulitoa samani bora za wilaya. Kuna yenye pembe sita, mapana mabegani na membamba miguuni, na kuna ya mraba mrefu yenye kifuniko cha bawaba na kidirisha cha kioo juu ya uso. Kuna madogo, yaliyopakwa rangi nyeupe, ambayo watu huyapita bila kuyatazama sana. Kwa haya madogo husikika umbo la kasanduku, lenye kiambishi ka- kilichotoka katika lugha za bara. Wakali wa Kiswahili Sanifu wangetaka kisanduku, lakini kisanduku kimekwisha kuwa kitu kingine, cha kuhifadhia pete au fedha ndogo. Ka- hiyo ina huruma ambayo ki- haina.

Vitenzi navyo? Sanduku la Gakoromone huagizwa, hupimwa, hurandwa, hupakwa vanishi, hununuliwa, hufungwa, hushushwa, hufukiwa. Kulibeba kupo, lakini ni jambo la kupita tu. Mstari huu wa vitenzi ukiuweka kando ya ule wa Pwani, utaona kwamba baina yake kuna kitenzi kimoja tu cha pamoja, kubeba. Maneno mawili yanayoshirikiana kitenzi kimoja si visawe.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wenzangu wanaolisahihisha neno sanduku katika insha za wanafunzi kutoka Meru, Embu au Machakos, wakiandika jeneza pembeni kwa wino mwekundu. Wanadhani mwanafunzi amekosa neno zuri akatumia la nyumbani. Ukweli ni kwamba mwanafunzi ametumia neno sahihi kuliko mwalimu wake. Na kama ushahidi wa soko hautoshi, uko ushahidi wa kitabu kilichosomwa zaidi kuliko vyote katika Kiswahili cha bara. Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, walikuwa na maiti wa namna mbili mbele yao. Katika Luka 7 kuna kijana wa Naini anayechukuliwa kwenda kuzikwa, na Bwana anakigusa chombo alimolazwa: hapo waliandika jeneza. Katika Samweli wa Pili 3 Daudi anafuata maiti ya Abneri: jeneza tena. Lakini mwisho wa kitabu cha Mwanzo, Yusufu anapotiwa dawa na kuwekwa ndani ya chombo kule Misri ili abaki humo, waliandika sanduku. Hawakuwa wakitafuta maneno tofauti kwa ajili ya pambo. Kijana wa Naini angetolewa, Yusufu hangetolewa.

Waingereza nao

Watetezi wa kisawe "coffin" husahau kwamba neno hilo lenyewe lina historia yenye misukosuko. Asili yake ni Kigiriki, kophinos, yaani kikapu. Lilipita katika Kilatini na Kifaransa, na kwa muda mrefu katika Kiingereza lilimaanisha kasha lolote. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Titus Andronicus neno hilo linataja ganda la unga linalofunika nyama iokwayo. Maana ya chombo cha maiti ilishinda baadaye, ikazifukuza nyingine.

La kufundisha zaidi ni chombo chenyewe. Katika Uingereza ya zama za kati, na hata karne kadhaa baadaye, watu wa kawaida hawakuzikwa ndani ya mbao. Walizikwa katika sanda. Kanisa la mtaa lilikuwa na "coffin" moja ya wote, maiti akabebewa humo hadi kaburini, akatolewa, nayo ikarudishwa kanisani kumngojea mwingine. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi: hilo ni jeneza. Sanda ilikuwa na uzito hata katika uchumi, kiasi kwamba sheria za 1666 na 1678 ziliwalazimisha watu wazikwe katika sufu ya Kiingereza ili wafugaji na wafumaji wapate soko, na hazikufutwa hadi 1814. Sanduku la kila mtu na lake lilienea kadiri watu walivyopata uwezo na maseremala walivyojitokeza kulifanyia biashara. Ndivyo ilivyokuwa Meru vilevile, ila kule ilichukua karne kadhaa na hapa miongo michache.

Kisawe "casket" ni kijana zaidi. Lilikuwa kasha dogo la vito, na Wamarekani wakalihamishia kwenye maiti katika karne ya 19. Nathaniel Hawthorne alililalamikia mwaka 1863. Hakupenda kuona neno la johari likifunika kifo. Malalamiko yake hayakusaidia kitu. Mwaka 1895 Wamarekani hao hao walimbunia mwenye duka la mazishi jina jipya, "mortician", lenye sauti ya udaktari. Ndiyo tabia ya Kiingereza katika jambo hili: neno likisha kunuka mauti, huletwa jingine lenye manukato. Katika mji wa Uingereza niliosomea shahada ya uzamili, duka la mazishi lilikuwa limebanwa baina ya benki na duka la mikate, na dirishani mwake palikuwa na maua na saa ya ukutani, lakini neno "coffin" halikuandikwa popote. Mafundi wa Gakoromone huziweka bidhaa zao juani. "Casket" nalo limefika kwao kupitia matangazo ya magazeti, likatumika kwa lile sanduku la mraba lenye bawaba. Sioni haja ya kulipigania wala kulifukuza. Ni neno la bei, na likidumu litajitafutia irabu ya mwisho lenyewe.

Jambo ambalo halitajwi mara kwa mara ni kwamba safari ya jeneza kutoka kitandani hadi sandukuni si ya Kiswahili peke yake. Kifaransa kina neno "bière", ambalo kwa asili ni lile lile la Kiingereza "bier", chombo cha kubebea maiti, kutoka mzizi wa Kijerumani cha kale wenye maana ya kubeba. Leo kwa Mfaransa "bière" ni sanduku la kuzikia. Kwa hiyo anayesema kwamba matumizi ya bara ya jeneza ni upotovu anasema bila kutazama jirani. Maana zilihama Ufaransa, na hapana aliyedhurika.

Lakini pana tofauti kubwa. Ufaransa neno lilihama kwa sababu chombo cha kwanza kilikuwa kinatoweka. Pakabaki neno moja na kitu kimoja. Katika Kiswahili vyombo vyote viwili viko hai leo hii, saa hii, katika nchi moja, na pengine katika ukoo mmoja. Kuna Waislamu Meru mjini na kuna Wakristo Mombasa. Neno moja haliwezi kubeba vyombo viwili vinavyotumika siku moja bila kumwangusha mtu.

Lugha nyingine za Afrika zilizokabiliwa na sanduku la mauti zimefanya kama Kimeru. Kizulu huliita ibhokisi, neno lile lile la boksi la kawaida. Waga wa Teshie, karibu na Accra, ambao tangu miaka ya 1950 wamejulikana kwa masanduku yaliyochongwa kwa umbo la samaki, ndege au gari, wanayaita abebuu adekai, masanduku ya methali. Wana sanaa ya ajabu, na jina walilochagua bado ni sanduku.

"Alizikwa bila jeneza"

Mtu anaweza kudhani kwamba huu ni ubishi wa wanakamusi tu. Chukua basi sentensi hiyo hapo juu. Mwezi Aprili 2020, mwanzoni mwa ugonjwa wa korona nchini Kenya, mtu mmoja wa Siaya alizikwa gizani na maofisa waliovaa mavazi ya kujikinga, akiwa ndani ya mfuko wa maiti, katika kaburi la kina kifupi. Picha zilienea na wananchi walikasirika, kwa haki. Lalamiko moja lililorudiwa sana lilikuwa kwamba alizikwa bila jeneza.

Msikilizaji wa bara alielewa: hakununuliwa sanduku, alitupwa kama asiye na watu. Sasa mpe sentensi hiyo mzee wa Lamu. Kwake kila Mwislamu aliyepata kumzika alizikwa bila jeneza, maana jeneza lilirudi msikitini. Kama sentensi ina maana ya fedheha kwake, basi fedheha ni nyingine: kwamba hapakuwa na mabega ya kumbeba marehemu. Ubaya wa mkasa ule unaweza kuelezwa kwa njia zote mbili, na zote mbili zilikuwa kweli. Lakini mwandishi hakujua kwamba amesema mambo mawili. Kinyume chake hutokea pia, tena mara kwa mara. Mtangazaji kutoka bara anaeleza maziko ya mzee Mwislamu wa Pwani na kusema kwamba jeneza lake liliteremshwa kaburini. Jamaa wanaosikiliza wanaambiwa kwamba mzee wao hakuzikwa kwa sheria za dini yake, na kwamba mali ya msikiti imefukiwa. Ni neno moja tu, lakini aliyefiwa hana subira ya kuchambua polisemia.

Jambo hili limekwisha kutokea kwa neno jingine la ukoo huo, nalo linatuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda yasipoangaliwa. Kafani katika Kiarabu ni sanda, na Pwani kumkafini maiti ni kumvisha sanda. Katika magazeti ya Kenya makafani yamekuwa jina la chumba cha baridi cha hospitali, penye milango ya chuma na ada ya kila siku. Maneno ya maziko ya Kiislamu yanaazimwa na bara kwa sababu yana sauti ya heshima, kisha yanapewa vitu ambavyo desturi ile haikuvijua. Mwislamu huzikwa mapema iwezekanavyo, na makafani ya gazetini ni mahali pa kumchelewesha. Kwa makafani nafikiri mlango umekwisha kufungwa. Neno limekaa, na wapinzani wake, mochari na chumba cha maiti, wanagawana naye kazi bila ugomvi. Msemaji wa Pwani anayeona ajabu huona ajabu tu, hadhuriki.

Kwa jeneza mlango haujafungwa, na kazi ya watunga kamusi bado ina faida. Kidahizo cha jeneza kingepaswa kutoa kwanza maana ya chombo cha kubebea maiti, kilichoandikiwa kwamba ndiyo maana ya Pwani na ya maandishi ya dini, pamoja na mfano wenye kitenzi kurudisha. Maana ya sanduku la kuzikia ifuate, ikiandikiwa bara na magazeti, pamoja na mfano wenye kitenzi kufukia. Sanduku nalo lipewe maana yake ya mauti waziwazi chini ya kidahizo chake, kwa kuwa msemaji anayesema "Sanduku tumelipata" hajafanya ufupisho wa muda, ametumia neno lililo kamili. Katika upande wa Kiingereza, "coffin" na "casket" yote mawili yaelekezwe kwenye sanduku kwanza, "bier" lielekezwe kwenye jeneza na tusi. Tafsiri za Kiingereza zenyewe zimesitasita hapa: Biblia iitwayo New International Version iliandika "coffin" katika kisa cha Naini katika toleo lake la 1984, na katika toleo la 2011 ikarudi kwenye "bier".

Watahini wa shule za sekondari wangeweza kuanza hata kabla ya kamusi mpya kuchapwa, kwa kuweka chini kalamu nyekundu wanapofika kwenye sanduku la mwanafunzi wa Meru. Na katika somo la msamiati, mwanafunzi huyo apewe mwanandani na kiunza pamoja na jeneza. Maneno hayo mawili hayapatikani katika vitabu vingi vya bara, na pasipo hayo hawezi kuona ni kwa nini chombo kilichokwenda makaburini kikiwa na mtu kirudi kitupu, na mtu aliyebaki kule awe hakukosa kitu.